Kufumba na Kufumbua, Feni Imesimama

Feni kubwa ya kunyaushia majani chai ni nzito. Stima ikipotea, huendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake. Kilichonikera ni hiki: kwa nini stima ikipepesa tu, hata aliyeketi chini ya balbu asiwe na hakika kama ameona kitu, feni hiyo hupokea amri ya kusimama, na mtu akalazimika kwenda kwenye paneli kuiwasha upya?

Nyansiongo, katika nyanda za chai za Borabu, swali hili lina uzito. Jani linalofika kiwandani likiwa na maji ya asilimia 75 hadi 80 hunyaushwa kwa saa nyingi mpaka maji yafikie karibu asilimia 70, ndipo lisagwe. Ni hewa ya zile feni inayofanya kazi hiyo. Ikisimama usiku bila mtu kujua, jani hupata joto na kuanza kuharibika lilipolala, na kilo moja ya chai iliyokauka inahitaji kilo nne na nusu hivi za jani bichi.

Aliyenijibu ni fundi wa umeme wa viwandani, mtu wa makamo, aliyeomba nisimtaje jina. Hakuanza na feni wala draivu, ule mtambo unaopunguza na kuongeza kasi ya mota. Aliniwekea mezani kisanduku cha bati chenye upana wa vidole vinne, akakiita kwa jina linalotumiwa na mafundi wote: pawa saplai. Kinapokea volti 240 na kutoa volti 24 za DC. Hizo 24 ndizo zinazolisha rilei, vitambuzi, koili za kontakta na kompyuta ndogo inayotoa amri ndani ya kabati. Zikiporomoka, kontakta zinaachia, kompyuta inazimika, na draivu inaona kwamba amri ya kuzunguka imeondolewa. Feni yenyewe bado inazunguka, lakini aliyekuwa akiiamuru hayupo tena.

Kisha akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kapasita mbili nene, zimesimama wima. Juu ya kila moja mna mkato wa msalaba, uliowekwa makusudi ili shinikizo likizidi lipate pa kutokea. Moja ilikuwa na kichwa bapa. Ya pili ilikuwa imevimba, msalaba umetanuka, na kwenye kitako chake mlikuwa na ukoko wa rangi ya kahawia pale maji yake ya kemikali yalipovuja na kukauka. Fundi alinitaka nipitishe kidole juu yake, nihisi mwinuko ambao jicho linaweza kuukosa.

Kazi ya kapasita hiyo ni kubana pumzi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai nyingi nzuri, zikiwa mpya na zimebeba mzigo wake wote, huweza kushikilia volti 24 kwa muda wa mzunguko mmoja hivi baada ya stima kukatika. Zikibeba nusu ya mzigo, hushikilia takriban mara mbili ya muda huo. Kapasita ikikauka, akiba hiyo huyeyuka, na hapa ndipo fundi alipokazia sauti. Ukipima kwa mita stima ikiwa tulivu, utasoma volti 24 safi kabisa. Kisanduku kinapita mtihani kila siku, hadi siku stima inapopepesa. Halafu kila mtu anailaumu stima.

Adui wa kapasita ni joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, umri wake hupungua kwa nusu. Kapasita ya saa 5,000 kwa nyuzi 105, ikiwekwa kwenye nyuzi 65, inapaswa kufika saa 80,000, yaani miaka tisa hivi. Ile rahisi ya saa 2,000, ikikaa kwenye nyuzi 85 ndani ya kabati lililo karibu na vikaushio, vumbi la chai limeziba matundu yake, haimalizi mwaka. Na nyanda hizi zinakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi hupoza vibaya. Watengenezaji wengi wa draivu hutaka mzigo upunguzwe kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 baada ya mita 1,000 za mwanzo. Fundi anasema hajaona wengi wakilifikiria hilo wanapojaza fomu ya ununuzi.

Yeye huchagua hivi. Hujumlisha mzigo wote, kisha hununua kisanduku ambacho mzigo huo hautazidi nusu ya uwezo wake. Husoma mchoro wa joto, si ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Penye kazi isiyoruhusiwa kusimama, huweka viwili vinavyosaidiana kupitia dayodi, kila tawi na fyuzi yake ili kitambuzi kimoja kikiungua kisivute kabati zima. Hufunga kinga ya radi, kwa sababu nyanda za Gusii hazikosi radi. Mwisho huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati, na muda aliokadiria ukiisha hukitoa hata kama bado kinafanya kazi.

Hilo la mwisho ndilo linalomgombanisha na wanaolipa. Kutupa kitu kizima ni hoja ngumu kuitetea mbele ya mhasibu, na mwenye bei ya chini ndiye hupewa zabuni. Jedwali la kulinganisha bei lina safu ya volti, ya ampea na ya shilingi. Ameomba iongezwe safu ya nne, ya saa za uhai kwa joto la kabati. Hajajibiwa.

Nilimuuliza jani linaloharibika feni zikisimama huandikwa wapi. Akasema huandikwa chini ya kukatika kwa stima. Basi mkulima anayesubiri bonasi atajuaje ni sehemu gani ya hasara hiyo ilitoka kwenye laini ya umeme, na ni ipi ilitoka kwenye kapasita iliyonunuliwa kwa bei ya chini?