Kabla ya Kusaini na Shirika la Kikanda

Ukikata tiketi ya United kutoka Chicago kwenda mji mdogo wa jimbo la Iowa, ndege utakayoipanda itakuwa na rangi za United kuanzia pua hadi mkia. Rubani aliyeko mbele, hata hivyo, huenda hajaajiriwa na United. Mwajiri wake ni SkyWest, au Republic, au GoJet, kampuni ambazo abiria wengi hupanda na kushuka bila kujua kuwa zipo. Haya ndiyo mashirika ya kikanda ya Marekani. Yanarusha jeti za viti 50 hadi 76 kwa niaba ya wakubwa, na ndiko wanakoanzia kazi marubani wengi wasiotoka jeshini, wakiwemo vijana wetu waliohamia huko na familia zao wakapata haki ya kuishi na kuajiriwa.

Swali lao la kwanza huwa moja: wapi wanalipa vizuri? Zamani lilikuwa swali la kufa na kupona. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 rubani msaidizi mpya alilipwa dola ishirini na ushei kwa saa, na wengine walifanya kazi ya pili ili wapate kodi ya nyumba. Kisha uhaba wa marubani ukabana. Juni 2022 mashirika ya kikanda ya Envoy na Piedmont yalipandisha malipo ya mwaka wa kwanza hadi kama dola 90 kwa saa, PSA ikafuata, na wengine hawakuwa na budi kusogea. Tangu hapo mshahara si kipimo kikubwa tena cha kutofautisha shirika na shirika. Saa yenyewe nayo ieleweke vizuri: huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama. Kuikagua alfajiri na kukaa uwanjani kungoja safari inayofuata hakumo. Angalau mashirika huahidi kiwango cha chini cha mwezi, kwa kawaida saa sabini na kitu, hata kama hukuitwa kazini.

Kinachotofautiana kweli ni nafasi yako katika orodha. Maisha ya rubani wa Marekani hufuata orodha moja tu: nani aliajiriwa kabla ya nani. Kituo utakachopangiwa, aina ya ndege, siku za mapumziko, likizo ya Krismasi, lini utahamia kiti cha kushoto cha kapteni, nani ataachishwa kwanza biashara ikidorora, yote yanaamuliwa hapo. Ustadi wako hautakupandisha hata hatua moja. Na orodha haihamishiki: kapteni wa miaka kumi na mitano akienda shirika jingine anakaa mkiani, chini ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyotangulia. Yapo mashirika yanayoajiri kapteni mzoefu na kumpa kiti cha kushoto moja kwa moja, lakini hata huyo atafanya kazi sikukuu zote.

Kwa hiyo kosa la kuchagua vibaya halirekebishwi kwa kuhama tu, na jambo la kwanza la kuchunguza ni kama shirika litakuwepo miaka kumi ijayo. Hapo lazima uelewe unakotoka mlo wake. Tumezoea daladala: dereva anakusanya nauli, jioni anampelekea tajiri hesabu, kinachobaki ni chake. Mashirika ya kikanda yameligeuza jambo hilo. Nauli yote huingia kwa mkubwa, yeye ndiye anayepanga ratiba na bei za tiketi, na humlipa mdogo kwa kila safari na kila saa ya kuruka, ndege ijae au iwe tupu. Ni riziki yenye utulivu mpaka siku mkataba unapokwisha. Compass na Trans States zilifunga Aprili 2020. Septemba mwaka huohuo ExpressJet ikarusha safari yake ya mwisho kwa ajili ya United.

Wengi hujiliwaza kwamba shirika likimilikiwa na mkubwa mwenyewe liko salama. Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya American. Endeavor ni ya Delta. Horizon ni ya kundi la Alaska. Lakini Comair ya Cincinnati nayo ilikuwa mali ya Delta kwa asilimia mia, na Delta iliifunga Septemba 2012 kwa kuwa ndege zake ndogo zilizochakaa zilikuwa ghali kuziendesha. Mimi huangalia ndege kabla ya mmiliki. Mikataba ya marubani wa mashirika makubwa imeweka mpaka: jeti ya kikanda kwa jumla isizidi viti 76 wala uzito wa pauni 86,000. Embraer 175 inaenea humo vizuri, na ndiyo inayogombaniwa. Mpaka huo una nguvu kiasi kwamba Embraer ilipobuni 175-E2 yenye injini mpya, ikawa nzito kupita kiasi, na hakuna shirika la kikanda la Marekani linaloirusha. Jeti mpya za viti 50 zimeacha kutengenezwa muda mrefu. Shirika linalotegemea hizo pekee linaishi kwa akiba, hata kama bonasi yake ya kusaini inavutia.

Jambo la pili ni unapolala. Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, akiwemo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema kapteni alikosea alipoonywa kuwa ndege inapoteza mwendo. Alivuta usukani badala ya kuusukuma. Lakini katika uchunguzi huo umma ulisikia pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, kupitia Memphis, ili afike kazini Newark. Hakuwa na makazi pale. Wapo marubani wengi wanaoishi hivyo hadi leo: nyumba jimbo moja, kituo cha kazi jimbo jingine, na kitanda cha kukodi katika nyumba wanayochangia watu kumi. Kila zamu inakula siku mbili zisizolipwa, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kwa aliye Minneapolis, Endeavor yenye kituo hapohapo inashinda ofa yoyote itakayompeleka New York. Aliye Dallas aanze kuuliza Envoy.

Ajali hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 2010 na kanuni ya saa 1,500 iliyoanza kutumika 2013. Kwetu, mwenye leseni ya biashara na saa mia mbili na kitu anaweza kuketi kiti cha kulia cha ATR shirika likimkubali. Marekani hawezi, isipokuwa apunguziwe: saa 750 kwa aliyetoka jeshini, 1,000 kwa mwenye shahada ya urubani, 1,250 kwa mwenye stashahada. (Marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamevuka saa 1,500, jambo ambalo watetezi wa kanuni hawalipendi kulisikia.) Aliyeruka nyumbani atahesabiwa saa zake zikiwa zimeandikwa sawasawa, ila saa za kiti cha kulia katika Caravan huleta ubishi, kwa kuwa ndege ile imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja.

Kanuni hiyohiyo ina kifungu ambacho vijana hukisahau: huwezi kuwa kapteni kabla hujafikisha saa 1,000 za kazi katika shirika la ndege. Hapo ndipo matangazo ya ukapteni wa haraka yanapopotosha. Nafasi za kapteni zinaweza kuwa wazi tele, nawe ukashindwa kuzijaza kwa sababu unashinda kwenye zamu ya akiba, simu mfukoni, ukingoja mtu augue. Tuseme unaruka saa 80 kwa mwezi. Mwaka mmoja na kidogo unatosha. Ukiruka saa 25, ni zaidi ya miaka mitatu.

Kuhusu ahadi ya kupandishwa hadi shirika kubwa bila usaili mwingine, ambayo Envoy, PSA na Piedmont hutoa kuelekea American, ni ahadi ya kweli lakini mkubwa ndiye anayefungua na kufunga bomba. Desemba 2007 Marekani ilisogeza umri wa kustaafu marubani kutoka 60 hadi 65, mwaka uliofuata uchumi ukaanguka, na waliokuwa kwenye foleni wakakaa miaka. Mwaka 2024 ajira za wakubwa zilipunguza kasi tena. SkyWest haina njia ya namna hiyo kwenda shirika moja, wala marubani wake hawana chama cha kitaifa, jambo linalowakera wengi. Lakini inaruka kwa wakubwa wanne, Delta, United, American na Alaska, na mmoja akijitoa watatu wanabaki. Kwa kijana asiye na ndugu wa kumshikia kodi ya nyumba ajira ikikatika, ningeuthamini utulivu huo kuliko njia ya mkato, mradi kituo kiwe karibu na kwake.

Usaili wenyewe hautakuambia mengi, maana anayekuhoji anauza shirika lake. Mtafute aliyeajiriwa mwaka jana, umwulize aliruka saa ngapi mwezi uliopita na alilala wapi.