Uanagenzi: Darasa na Gereji

Malori yachukuayo jasi katika kata ya Kiranjeranje, wilayani Kilwa, hayaendi salama bila fundi wa breki. Fundi aliyejifunzia gereji tu hujua kukaza. Sababu huenda asiijue. Breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto, na mwendo ukiongezeka mara 2, nishati hiyo huongezeka mara 4. Mwanagenzi hulisoma jambo hilo chuoni, kisha hulishika kwa mikono, breki ikiwa imeungua. Hapo somo hukaa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo mjini Lindi. Lakini faida kubwa pengine ni ujira: hata ukiwa mdogo, humwezesha mtoto wa mkulima wa ufuta kuendelea na mafunzo bila kungojea mavuno.