Samaki wa Ziwa Victoria na Mahali Wanapozalia

Ningu, ngege na kamongo ni majirani katika Ziwa Victoria, lakini hawazai kwa namna moja. Wa kwanza hupanda mto, wa pili hutunza mayai kinywani, na wa tatu hulinda kiota chake kinamasini. Mvuvi asiyejua tofauti hiyo aweza kuumaliza ukoo mzima wa samaki bila kukusudia, na karibu imekuwa hivyo kwa ningu.

Safari ya Ningu

Ningu ana midomo minene iliyo chini ya kichwa, naye hula kwa kukwangua mawe na matope. Sehemu kubwa ya mwaka hukaa ziwani, karibu na mahali mito inapoingia. Lakini mvua kubwa ziponyeshapo, na mito ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu ikafurika, ningu huondoka kwa makundi na kupanda wakishindana na mkondo. Hawaendi kutafuta chakula. Wanatafuta maji ya mafuriko yaliyotanda juu ya majani kandokando ya mto. Huko majike hutaga mayai mengi, madume huyatia mbegu, kisha wote hurudi ziwani. Hapana mzazi abakiye kuyalinda. Vitoto hukua katika maji hayo yaliyotulia, halafu huifuata njia ya wazee wao.

Tangu zamani Wajaluo na Waluhya wa kando ya mito waliwangojea ningu kwa nyua za miti na migono. Walipata kitoweo kingi, na mwaka wa pili samaki walirudi tena. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1905, zilipoletwa nyavu za kitani ambazo humnasa samaki kwa matamvua yake. Baadaye zikaja za nailoni, zenye nguvu zaidi. Nyavu hizo zilipotandazwa katika midomo ya mito wakati wa mafuriko, ziliwakamata majike waliojaa mayai kabla hawajafika mahali pa kutagia. Mkulima alaye mbegu alizoweka kwa kupanda hawezi kushangaa shamba lake likiwa tupu. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr alieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyokwisha kupungua, na jinsi ufundi wa kienyeji wa kuvua katika mto Nzoia ulivyodhoofika pamoja nao.

Kinywa cha Ngege

Ngege ni mzazi mwangalifu zaidi. Dume hutengeneza kishimo katika sakafu ya ziwa. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai kwa kinywa chake na kuyaweka humo hata yaanguliwe. Hata vitoto waanzapo kuogelea, wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama. Kwa sababu ya ulinzi huo, ngege hana haja ya kutaga mayai mengi kama ningu. Lakini mama akinaswa, watoto wake nao hupotea.

Bwana Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri kwamba nyavu zenye macho yaliyo chini ya inchi 5 zisitumiwe, ili ngege wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Sheria iliwekwa, lakini kuisimamia kulikuwa kugumu, na nyavu za macho madogo zikaenea. Kisha akaja sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 alienea kila upande. Aliwaletea wengi fedha, lakini aliwala samaki wengine, hasa fulu, ambao aina zao nyingi hazionekani tena.

Hata hivyo ngege hajatoweka. Bado yuko katika ziwa dogo la Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala. Huko mafunjo yamekuwa kama ukuta, kwa maana sangara hawezi kuishi katika maji yaliyo na hewa haba.

Pumzi ya Kamongo

Maji hayo ya kinamasi hayamsumbui kamongo. Yeye ana mapafu, na sharti apande juu mara kwa mara kuvuta pumzi. Maji yakikauka, aweza kujichimbia katika matope, akajifunika kwa ute unaokauka kama ngozi, akangoja mvua. Hula konokono kwa kuwaponda kwa meno yake yenye nguvu. Dume hufanya kiota katika kinamasi na kuwalinda watoto. Kinamasi kikikaushwa na kulimwa, kamongo hupoteza nyumba, na ngege hupoteza ukuta.

Kazi ya Mkulima

Kwa hiyo jambo hili si la wavuvi peke yao. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka shamba lisilo na matuta huishia mtoni, ukayafunika majani ambamo ningu hutaga. Mkulima aachaye majani na mafunjo kando ya mto huhifadhi rutuba yake mwenyewe, na huwahifadhi samaki pia. Mvuvi naye asiuzibe mdomo wa mto wakati wa mafuriko. Ningu wachache wangali wanapanda mito hiyo, na wakiachiwa njia, watoto wao watarudi ziwani.