Spika za Honi Nyumbani: Sauti Igawanywe Wapi?

Mwalimu akiwachezea wanafunzi sebuleni kanda yenye "kila" na "kula", aliyeketi pembeni huenda asizitofautishe vizuri. Irabu /i/ hutambulishwa na nguvu ya sauti karibu na hezi 2,000. /U/ haina nguvu hiyo. Katika spika kubwa, tatizo laweza kuwa krosova, yaani saketi inayopeleka sauti nene kwenye wufa na nyembamba kwenye draiva iliyofungwa nyuma ya honi.

Wufa ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na kuanzia hapo wufa hiyo huzidi kuelekeza sauti mbele tu. Wa pembeni hukosa. Basi kwa nini tusigawe chini kabisa? Kwa sababu honi nayo ina ukomo. Chini ya ukomo huo haikishikilii tena kiwambo cha draiva, nacho hutikisika kupita kiasi, sauti ikakwaruza, hata kikapasuka.

Kampuni ya Altec, Marekani, iliuza spika zake za A7 kwa mgawanyo wa hezi 500 au 800. Ule wa 500 ulidai honi kubwa zaidi. Kwa sebule ya kawaida mimi ningechagua kati ya 800 na 1,200, mradi honi na draiva ziruhusu. Karatasi ya mtengenezaji isomwe kwanza: krosova ya mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu hukinga draiva kidogo kuliko ya 24, hivyo ipandishwe.