Kuacha Pombe Isiolo: Pa Kukutania Pasipo Macho ya Mtaa

Mtu wa Isiolo anayetaka kuacha pombe hakosi sababu. Anachokosa ni mahali pa kwenda bila mtaa mzima kujua. Mji ni mdogo: Mborana, Mturkana, Msomali, Mmeru na Msamburu hununua sukari duka moja, na habari ya nani kaingia wapi hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Kwa Mwislamu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu akiomba msaada wa kuacha amekwisha kukiri kwamba anakunywa. Basi wengi hunywa kwa kujificha, na hata nia ya kuacha huificha vilevile.

Wala si tatizo la watu wachache. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha mwaka 2022 kwamba Mkenya 1 kati ya 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe. Si wote walio na shida. Mwenye shida ni yule aliyeapa Jumatatu kwamba hatagusa tena, na Jumatano yuko mezani na glasi.

Watu wa aina hiyo ndio walioanzisha Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikwama Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Shughuli iliyompeleka ilikuwa imevunjika, na pale hotelini Mayflower baa ilikuwa ikimwita. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Akaiendea simu, akachukua orodha ya makanisa na kuanza kupiga, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. Dkt. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na AA huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake.

Hawakuwa na ukumbi, mwenyekiti wala bango. Hadi leo, kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kundi. Sharti la kujiunga ni moja: mtu awe anataka kuacha. Ni kama chama kisicho na mchango wa lazima wala faini. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye na kitu hupitisha tu.

Mkutanoni viti huwekwa duara mara nyingi. Mmoja hutaja jina lake la kwanza na kusema kwamba yeye ni mlevi, hata kama hajaonja tone kwa miaka 10. Wenzake humwitikia kwa jina. Hueleza alivyokuwa, kilichomgeuza na anavyoishi sasa, na hakuna wa kumkatiza, kumkosoa wala kumpa mawaidha. Zamu ikifika kwa asiyetaka kusema, hupita, na chai yake anainywa. Mikutano mingine ni ya wazi, hata mke au ndugu hukaribishwa. Mingine ni ya walevi peke yao, kwa hiyo mgeni aulize kwanza. Hatua 12 zinazofuatwa, zilizochapishwa mwaka 1939, zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu. Ukumbi ukiwa wa kanisa, hilo halifanyi mkutano kuwa ibada.

Mwaka 2020 Cochrane, shirika la kupima ushahidi wa tiba, lilichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Lilikuta kwamba programu za kumwingiza mtu AA huwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika.

Pa kuanzia ni simu, kama alivyofanya Wilson. Namba 1192 ya NACADA haitozi pesa. Hospitali ya rufaa ya kaunti nayo ni mahali pa kuuliza. Mhudumu wa afya wa kijijini anajua mengi, lakini yeye pia ni jirani. Kuna pia mikutano ya mtandaoni, iliyoongezeka sana wakati wa korona, ambapo mtu huzima kamera na kusikiliza tu. Muda mzuri wa kuchagua mkutano ni saa kumi na moja jioni, saa ambayo sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi. Aliyezoea kunywa kila siku amwone daktari kabla ya kuacha ghafla, maana kutetemeka kunaweza kugeuka kifafa, na kifafa hicho kinaweza kuua.

Kwa wasiovutiwa na AA, Eldoret ilijaribu njia nyingine. Watafiti wa mpango wa afya wa AMPATH walifundisha washauri wasio wataalamu kuongoza vikao 6 vya kila wiki kwa wagonjwa wa virusi vya ukimwi wanaokunywa. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, baada ya siku 90 asilimia 69 ya waliohudhuria walikuwa hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Wanaume walikaa kundi lao na wanawake lao, na hilo lina maana Isiolo: mama wa mtaa wa Bulla Pesa anayepikia wengine chang'aa na kuinywa mwenyewe huenda asikubali kuja kwa mpango mwingine wowote.