Mfereji wa Zamani Ukifungwa

Fungueni madaftari yenu, mwandike neno la leo: VBScript. Msiogope sura yake, ni jina tu. Ni lugha ya kuiagiza kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 1996.

Kazi yake nini? Tuseme karani wa chama cha kahawa hapa Moshi ataka kompyuta ijumlishe kilo za kila mkulima, itoe deni la pembejeo, kisha ipige chapa orodha ya malipo. Huandika maagizo mara moja tu. Kompyuta huyafuata kila msimu.

Lakini wahalifu nao waliitumia lugha hiyo. Mwaka 2000 barua iliyojifanya ya mapenzi ilienea duniani kwa njia hiyo, ikaharibu kumbukumbu katika kompyuta nyingi. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa katika Windows. Mwaka 2024 ikaeleza mpango wake: mnamo mwaka 2027 hivi itazimwa, atakayeihitaji aiwashe mwenyewe, baadaye itaondolewa kabisa.

Basi ofisi ifanyeje? Tuutazame mfongo, mfereji wetu wa mlimani. Wenye busara hawaufungi wa zamani kwa ghafula. Kwanza huufuata toka kijitoni mpaka kihamba cha mwisho, waone ni migomba ya nani inayonyweshwa. Kisha huchimba mpya. Maji yakiisha kupita vyema, ndipo huufunga ule wa zamani.

Ofisini ni vivyo hivyo:

1. Andikeni orodha ya kazi zote zinazotegemea maagizo ya zamani. Mwulizeni aliyeyaandika kabla hajahama au kustaafu.

2. Yaandikeni upya kwa lugha nyingine, kama PowerShell.

3. Fanyeni hesabu za msimu mmoja kwa njia zote mbili. Jumla zikitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kulipa.

Nawe mkulima, jambo hili lakuhusu. Maagizo yakikoma siku ya malipo, fedha zako zitachelewa. Kwa hiyo tunza stakabadhi ya mzani, usome kilo zako mwenyewe, na mkutanoni uliza: hesabu zetu zategemea nini, na nani ajuaye kuzitengeneza?

Maswali ya darasa:

Kwa nini VBScript yaondolewa?

Kwa nini njia ya zamani isifungwe kwanza?

Someni stakabadhi moja pamoja. Kwa herini.