Maumivu ya Watoto Wenye Selimundu: Habari kutoka Uganda na Jirani Zake



Mzazi anatoka zamu ya usiku, anamkuta mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, wala hakuanguka wala hakupigwa. Jirani atasema mtoto anakwepa shule. Mwingine atamtaja mchawi. Tunaandika habari hii kwa sababu wenzetu kadhaa viwandani na mashambani wamekatwa mishahara kwa kukesha na watoto wa namna hiyo, na katika nchi jirani dawa zimekwisha kujaribiwa.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata kwa wazazi wote wawili, ingawa wao wenyewe mara nyingi ni wazima kabisa. Basi asilaumiwe mama peke yake, kama tulivyozoea. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, hupinda kama mundu wa kuvunia mpunga, zikawa ngumu na kunasa katika mishipa midogo. Sehemu iliyokosa damu ndiyo inayouma. Mtoto mdogo huanza kwa kuvimba vidole. Baadaye ni mgongo, kifua na miguu. Baridi, kiu na malaria huchochea. Maumivu yakirudi miaka mingi, wengine huumwa karibu kila siku.

Kwanza ni kutuliza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2012 kwamba mtoto aanze na parasetamoli au ibuprofeni, na maumivu yakiwa makali apewe mofini. Wengi huiogopa mofini. Lakini Uganda wameizoea: mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na huko unga wa mofini huchanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Mwaka 2004 serikali iliwaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliofunzwa kuiandika, maana vijijini daktari ni adimu.

La pili ni kuzuia shambulio lenyewe. Haidroksiyurea, dawa iliyotumika kwanza kwa saratani, huufanya mwili utengeneze tena damu ya aina ile ya mtoto tumboni, ambayo haipindi. Hofu ilikuwa kwamba katika nchi za malaria ingeleta madhara. Hospitali ya Mulago, Kampala, iliwajaribu watoto zaidi ya 200; matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha malaria haikuongezeka. Kisha ukafuata utafiti mkubwa zaidi katika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, wa watoto wapatao 600, uliochapishwa mwaka 2019. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 yalihesabiwa mashambulizi ya maumivu kama 98 kwa mwaka. Walipoitumia yakawa kama 45. Malaria ilipungua kwa nusu, na vifo pia vilipungua.

Dawa hii haiondoi ugonjwa. Hunywewa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa inaweza kupunguza mno chembe nyeupe. Kwa hiyo mzazi anahitaji ruhusa ya kwenda kliniki kwa tarehe zinazojulikana mapema, na hilo kamati ya tawi inaweza kulizungumza na meneja sasa, kabla mtoto hajazidiwa na mzazi hajaandikiwa utoro.